Abdurrahman as-Sufi, mtu wa Ray aliyeliandika wingu dogo la mbinguni



Ndugu msomaji, tukizungumza juu ya wanazuoni wa Kiislamu waliotutangulia, majina yanayotajwa ni yale yale: Ibn Sina katika utabibu, Al-Khwarizmi katika hesabu, Ibn al-Haytham katika elimu ya mwanga. Hao wanastahili kutajwa. Lakini yupo mwingine ambaye jina lake limeandikwa hata juu ya mwezi, na wengi wetu hapa Arua na Koboko hatujamsikia. Ni Abul-Husayn Abdurrahman bin Umar as-Sufi ar-Razi, mtu wa nyota. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inahusu anga ile ile tunayoiona sisi tukitoka swala ya Isha, na kwa sababu namna alivyofanya kazi ina somo kwa kila mwanafunzi aliyewahi kunakili maandishi ya mwenzake bila kuyaelewa.

Kuzaliwa na kukua kwake

As-Sufi alizaliwa mwaka 291 Hijria, sawa na 903 Miladia, katika mji wa Ray. Mji huo ulikuwa karibu na ulipo sasa mji wa Tehran, Irani, na ndiyo maana akaitwa ar-Razi, yaani mtu wa Ray. Zama hizo makhalifa wa Kiabbasi walikuwa bado Baghdad, lakini nguvu zao zilikuwa zimepungua. Majimbo mengi ya Uajemi yaliingia mikononi mwa maamiri wa ukoo wa Buwayh. Zilikuwa zama za vita na za kunyang'anyana miji, lakini zilikuwa pia zama za elimu. Vitabu vya Wayunani vilikuwa vimekwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu, na kimojawapo kilikuwa kile kikubwa cha Ptolemy wa Iskandaria, kinachoitwa Almajesti. Kiliandikwa yapata mwaka 150 Miladia, na ndani yake zilipangwa nyota zaidi ya 1,000 katika makundi 48.

Kitabu hicho kilikuwa na heshima kubwa mno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kila aliyetaka kuitwa mjuzi wa nyota alikinakili. Mafundi walitengeneza tufe za shaba, wakachora nyota juu yake kwa kufuata majedwali yaliyonakiliwa mara nyingi, na makosa ya mnakili mmoja yakawa makosa ya wote. Wapo waliosifika kwa elimu hiyo ambao waliweza kuionyesha nyota juu ya tufe, lakini wakitolewa nje usiku hawakuweza kuionyesha mbinguni.

As-Sufi alikutana na watu wa namna hiyo. Mwaka 335 Hijria alifika Dinawar akiwa na bwana wake Abul-Fadhl Ibn al-Amid, waziri maarufu. Huko alijionea mahali alipokuwa akitazamia nyota Abu Hanifa ad-Dinawari, mwanachuoni wa karne iliyotangulia. Mwaka 337 alikuwa Isfahan. Katika safari hizo aligundua kwamba wajuzi wa nyota walikuwa makundi mawili yasiyosemezana. Kundi la kwanza lilifuata vitabu vya Wayunani, hesabu na tufe. Kundi la pili lilifuata elimu ya Waarabu wa jangwani, waliojua nyota kwa macho na kwa majina ya kwao, wakizitumia kujua njia, mvua na majira. Hawa wa pili hawakujua hesabu, na wale wa kwanza hawakuijua anga. As-Sufi akaamua kuzisoma elimu zote mbili na kuzipatanisha.

Mwalimu wa amiri

Amiri aliyemlea as-Sufi katika kazi yake ni Adhud ad-Dawla, aliyeanza kutawala Fars mwaka 338 Hijria, yaani 949 Miladia, makao yake yakiwa Shiraz. Amiri huyu alipenda elimu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akijifaharisha kwa walimu wake watatu: Abu Ali al-Farisi katika nahau, Ibn al-A'lam katika majedwali ya sayari, na as-Sufi katika kuzijua nyota zisizohama na mahali pake. Ni jambo la kupima: mtu mwenye majeshi na hazina aliona fahari kusema amefundishwa na nani.

Kukaa na wakubwa kuna hatari zake, na historia imejaa wanazuoni walioandika yale tu ambayo watawala walitaka kuyasikia. As-Sufi aliitumia nafasi ile kwa kazi. Mwaka 359 Hijria alipima Shiraz, kwa pete kubwa iliyoitwa kwa jina la amiri, jinsi jua linavyopanda na kushuka kati ya majira na majira, na al-Biruni alikuja kuyataja baadaye matokeo ya vipimo hivyo. Aliandika pia kitabu kirefu juu ya matumizi ya asturlabu, chombo kilichotumika kujua saa, urefu wa nyota juu ya upeo na nyakati za swala. Akamtengenezea amiri tufe la fedha lenye nyota zote. Tufe hilo lilionekana Cairo katika maktaba mwaka 435 Hijria, miaka mingi baada ya wote wawili kufariki.

Kitabu cha sura za nyota

Kazi iliyombakishia jina ni kitabu alichokiandika yapata mwaka 964 Miladia, akiwa na umri wa miaka sitini hivi: Kitab Suwar al-Kawakib ath-Thabita, yaani kitabu cha sura za nyota zisizohama. Alikitoa hidaya kwa Adhud ad-Dawla.

Mpango wake ni mwepesi kueleweka. Kwa kila moja ya makundi 48 ya Ptolemy alieleza nyota moja moja: ipo wapi, mwangaza wake ni wa daraja gani kati ya madaraja sita, na Waarabu wanaiitaje. Kisha akachora sura mbili za kundi hilo. Ya kwanza ni kama linavyoonekana mtu akiinua macho mbinguni. Ya pili ni kama linavyochorwa juu ya tufe, ambako kulia huwa kushoto, kwa kuwa mwenye tufe huitazama anga kana kwamba yuko nje yake. Kwa njia hiyo mwanafunzi hakuwa tena na kisingizio. Angeweza kutoka nje na kitabu mkononi na kulinganisha.

Baada ya hapo aliweka jedwali. Hapa tuwe wakweli. Mahali pa nyota hakupapima upya. Alizichukua namba za Ptolemy, akaongeza digrii 12 na dakika 42 kwa kila moja ili kufidia mwendo wa polepole sana wa anga uliopita tangu siku za Ptolemy, naye akasema wazi kwamba ndivyo alivyofanya. Lakini mwangaza wa nyota aliutazama mwenyewe, nyota kwa nyota. Pale ambapo Ptolemy alisema nyota ni ya daraja la tatu na yeye akaiona ya nne, aliandika ya nne. Pale ambapo nyota iliyotajwa kitabuni haikuonekana mbinguni, alisema haikuonekana. Hakumtukana Ptolemy, wala hakumkataa kwa kuwa si Mwislamu. Alimheshimu kwa kuihakiki kazi yake.

Wingu dogo

Alipofika kwenye kundi la Mara, yule mwanamke aliyefungwa minyororo ambaye Wayunani humwita Andromeda, as-Sufi alieleza pia sura ya samaki mkubwa ambayo Waarabu waliiona mahali pale. Karibu na mdomo wa samaki huyo alitaja kitu ambacho si nyota: doa la ukungu, kama wingu dogo. Katika mchoro alilitia kwa vitone. Hakusema amelivumbua, wala hakulipa maana ya ajabu. Aliliandika kwa kuwa lilikuwapo. Katika maandishi yaliyotufikia, hiyo ndiyo habari ya kwanza iliyo wazi juu ya kile tunachokiita leo galaksi ya Andromeda.

Zilipita karne sita na zaidi. Mwaka 1612 Mjerumani Simon Marius alilitazama doa hilo kwa darubini na bado hakujua ni nini. Wengi walidhani ni wingu la gesi lililo ndani ya mfumo wetu wa nyota. Jibu lilipatikana Oktoba 1923, pale Edwin Hubble, akitumia darubini ya mlima Wilson huko California, alipoiona ndani ya doa lile nyota inayong'aa na kufifia kwa mpango maalumu. Mwanamke mmoja Mmarekani, Henrietta Leavitt, alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1912 kwamba muda wa kung'aa na kufifia kwa nyota za namna hiyo hufichua mwangaza wake halisi, na mwangaza halisi hufichua umbali. Hubble alipopiga hesabu, doa la as-Sufi likawa mbali kabisa nje ya mfumo wetu. Leo tunajua kwamba mwanga wake husafiri miaka milioni mbili na nusu hadi utufikie. Ni galaksi nzima, yenye mabilioni kwa mabilioni ya nyota.

Nayo ni jirani. Galaksi yetu, ile Njia Nyeupe tunayoiona ikikatiza anga wakati wa kiangazi, ina mikono inayojizungusha kama gamba la konokono, na tangu miaka ya 1990 ushahidi umethibitisha kwamba katikati yake limelala pau refu la nyota, mfano wa mti wa paa, ambalo mikono hiyo huanzia karibu na ncha zake. Sisi na Andromeda, pamoja na galaksi nyingine ndogo ndogo zaidi ya hamsini, ni kundi moja lililoshikwa pamoja na uvutano. Mbele ya kundi letu yapo mengine. Upande wa kusini, katika nyota za Tanuri, kuna kundi kubwa la galaksi ambamo imo galaksi iitwayo NGC 1365. Pau lake limenyooka na mikono yake miwili ni mirefu sana, na upana wake ni takriban miaka 200,000 ya mwanga. Iko mbali kiasi cha miaka milioni 60 ya mwanga. Jicho tupu haliioni, na as-Sufi hakuijua. Lakini njia ya kuifikia ilipita kwenye vitone vyake.

Ng'ombe ambao hakuwaona

Ipo sehemu nyingine ya kitabu chake ambayo sisi wa West Nile tunayo haki ya kuisoma kwa makini. Akizungumzia nyota Suheli, ile inayong'aa sana kusini, as-Sufi alinukulu habari za Waarabu kwamba chini yake kuna vitu vyeupe viitwavyo ng'ombe, ambavyo watu wa Iraki na Najd hawavioni, ila watu wa Tihama, kule kusini kando ya Bahari ya Shamu. Baadhi ya watafiti wanasema ng'ombe hao ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu. Wengine hawakubali. Lililo wazi ni kwamba as-Sufi alieleza mipaka ya elimu yake. Alitenga aliyoyaona na aliyoyasikia. Wingu hilo halichomozi kabisa juu ya upeo wa Shiraz, kwa hiyo hata angekesha umri wake wote asingeliona.

Sisi tunaliona. Arua iko digrii tatu tu kaskazini ya ikweta, na Koboko iko juu yake kidogo. Kutoka hapa anga ya kaskazini na ya kusini zote ziko wazi. Mwanzoni mwa Desemba, mvua zikiisha, mnamo saa tatu usiku, tazama kaskazini. Tafuta nyota nne za mraba mkubwa wa Farasi, zifuate nyota za Mara zinazotoka kwenye pembe yake, kisha ukifika ya Mirach pinda kuelekea nyota za Mke wa Kurusi, zilizo mfano wa herufi M. Hapo lipo lile wingu dogo, katikati ya upeo na utosi wako. Mwezi Februari, saa kama hiyo hiyo, geukia kusini, upande wa barabara ya Nebbi. Chini ya Suheli, kiasi cha ngumi mbili za mkono ulionyooshwa juu ya upeo, utaona doa jeupe lililo kubwa kuliko lile la kwanza. Hilo ndilo Wingu Kubwa.

Chagua siku za mwisho wa mwezi wa Hijria, ambapo jioni haina mwezi. Ondoka kwenye taa za mji, na subiri moshi wa nyasi zinazochomwa upungue. Vijiji vilivyo chini ya mlima Liru kule Koboko, au upande wa mlima Wati kule Terego, bado vina giza zuri. Hakuna haja ya darubini. As-Sufi hakuwa nayo.

Kufa kwake na kilichobaki

Adhud ad-Dawla alifariki mwaka 983. As-Sufi alimfuata miaka mitatu baadaye, mwaka 376 Hijria, 986 Miladia, akiwa na zaidi ya miaka themanini. Mwanawe alirithi elimu hiyo na akatunga shairi la kufundishia nyota. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba nakala moja ya zamani sana ya kitabu cha baba, iliyoko Oxford, imeandikwa kwa mkono wa mwana huyo.

Kitabu kiliendelea na safari. Nasir ad-Din at-Tusi alikitafsiri kwa Kiajemi katika karne ya 13. Ulugh Beg wa Samarkand alikitumia alipotengeneza orodha yake ya nyota, iliyokamilika mwaka 1437. Wazungu walimwita Azophi, na mwaka 1515 Albrecht Dürer alipochora ramani ya anga alimweka kwenye pembe mojawapo pamoja na Ptolemy. Shimo moja kubwa la mwezini limepewa jina hilo la Azophi. Na majina ya Kiarabu aliyoyahifadhi yamo hadi leo katika vitabu vya nyota vya dunia nzima: Aldebaran, Rigel, Deneb. Ndugu zetu Wanubi wa Arua na Koboko, ambao lugha yao imetokana na Kiarabu, huenda wakayasikia kama majina ya jamaa waliopotea zamani.

Tunachukua nini?

Katika vyuo vyetu kuna maneno yanayopenda kurudiwa, kwamba Waislamu waligundua galaksi kabla ya Wazungu. Maneno hayo yanapendeza, na ukiyasema kwenye mhadhara utapigiwa takbira. Lakini si kweli, na as-Sufi mwenyewe asingeyakubali. Hakujua kwamba wingu lile ni galaksi. Hakuna aliyejua hadi mwaka 1923. Tukimpa sifa ambayo si yake, mwenzetu wa darasani atakayefuatilia habari atatuona waongo, na sifa yake ya kweli itapotea pamoja na ile ya uongo. Sifa yake ya kweli inatosha: aliona doa ambalo wengine walilipita, akaliandika mahali pake bila kuongeza wala kupunguza, na kwa uaminifu huo waliokuja baadaye wakapata pa kusimama.

La pili ni juu ya kunakili. Mwanafunzi anayebeba maandishi ya mwaka jana akayamwaga katika chumba cha mtihani ni sawa na wale mabwana wa tufe. Atafaulu mtihani, kisha atatolewa nje, kwenye hospitali, shamba au darasa la watoto wa watu, na hataweza kuionyesha nyota. Anayesomea uuguzi asijue kuupima mshipa wa mgonjwa, anayesomea ualimu asiweze kukitetea alichokiandika ubaoni, hao wamebeba amana wasiyoweza kuitimiza. Madhara yake humpata mtu mwingine, si wao.

La tatu, Qur'ani katika sura ya Aal Imran inawasifu wenye akili wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, na wanaofikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Kufikiri huko kunahitaji kwanza kutazama. Tunaye mtu aliyetazama kwa miaka mingi. Kwetu hapa anga iliyofunguka pande zote mbili ipo bure, na kiangazi kinakuja. Wanafunzi wa Muni, wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Kiislamu hapa Arua, na wenzetu wa Koboko, toeni usiku mmoja baada ya Isha, wawili au watatu pamoja, kaka kwa kaka na dada kwa dada. Chukueni daftari. Andikeni mlichokiona, na msichokiona andikeni kwamba hamkukiona.

Mwenyezi Mungu amrehemu Abdurrahman as-Sufi na atunufaishe kwa elimu. Wabillahi tawfiq.